Pikapu Inayochemsha Milimani: Kujua Kama Silinda Hedi Imeharibika na Namna ya Kuibadilisha

Silinda hedi, au hedi kama inavyoitwa katika gereji zote kuanzia Makambako hadi Tunduma, ni kipande cha chuma kinachofunika silinda za injini kwa juu na kubeba valvu zake. Ni miongoni mwa vipuri vya gharama kubwa katika injini ya pikapu, na ndicho kinachohukumiwa upesi kuliko vyote. Gari likichemsha mara mbili mlimani, dereva huambiwa kuwa hedi imepasuka, injini hufunguliwa, na mwenye gari huanza kutafuta fedha kabla mtu yeyote hajapima chochote. Mwongozo huu unafuata njia iliyo kinyume. Unaanza na dalili, unapitia vyanzo vya gharama ndogo ambavyo dalili zake hufanana na za hedi mbovu, na ndipo unafika kwenye kufungua injini. Umelenga zaidi pikapu za dizeli zenye silinda nne, yaani Toyota Hilux za injini ya 2L, 3L, 5L na 1KZ, Mitsubishi L200 ya injini ya 4D56 na nyingine za aina hiyo, ingawa sehemu kubwa inafaa pia kwa Land Cruiser ya silinda sita.

Jambo moja lieleweke tangu mwanzo: ni nadra hedi kupasuka au kupinda bila kuunguzwa kwanza. Karibu kila mara kuna kitu kingine kilichosababisha joto kupita kiasi, na kitu hicho kisipotafutwa na kurekebishwa, hedi mpya itaharibika kama ile ya zamani.

Kwa nini milima hii huua hedi

Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 ukilinganisha na Dar es Salaam, na maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi badala ya 100. Injini nyingi za dizeli hufanya kazi katika joto la kawaida la nyuzi 85 hadi 95. Maana yake ni kwamba, kama mfumo wa kupoza hauwezi kushika presha, maji yatachemka Uyole wakati injini ingali katika joto lake la kawaida kabisa, bila kosa lolote la hedi.

Kinachozuia hali hiyo ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko chenye alama ya 0.9, au 13 kwa kipimo cha zamani, hushikilia presha ndani ya mfumo na kupandisha kiwango cha kuchemka hadi nyuzi 115 hivi katika mwinuko wa Mbeya. Mpira wa kifuniko ukikauka au springi yake ikilegea, zile nyuzi zaidi ya 20 za usalama hupotea zote kwa mpigo. Wakati huohuo barabara zenyewe haziihurumii injini. Gari linalotoka Kyela na mchele hupanda zaidi ya mita 1,000 kabla halijafika Tukuyu, kisha huendelea kupanda kuelekea Isongole. Na anayetoka Dar es Salaam hukutana na Mlima Kitonga kabla ya kufika Iringa, ambako magari hupanda taratibu kwa gia ndogo, upepo unaopita kwenye rejeta ukiwa kidogo na injini ikiwa imezidiwa mzigo. Ni mahali ambapo kasoro ndogo ya mfumo wa kupoza, ambayo kwenye tambarare za Usangu isingeonekana hata kwa mwaka mzima, hujitokeza ndani ya nusu saa.

Kutokana na hali hiyo, fundi wa huku anapaswa kuwa mgumu kuamini kuliko fundi wa pwani pale anapoambiwa kuwa gari limechemsha. Tuchukue mazungumzo ya kawaida kati ya dereva wa pikapu ya parachichi kutoka Rungwe na fundi aliyempokea.

"Fundi, maji nimejaza Kiwira, nafika hapa Uyole rejeta imekauka. Nimeambiwa ni hedi."

"Kifuniko umekikagua, kaka?"

"Kifuniko kipo, kinafunga vizuri."

Kufunga vizuri na kushika presha ni mambo mawili tofauti. Kifuniko kikigeuzwa na kutazamwa upande wa ndani, mara nyingi mpira wake huonekana umekuwa mgumu kama pembe, una mkato ulioingia kwenye mzingo uleule unaokaa juu ya mdomo wa rejeta, na ukibonyezwa kwa kidole gumba springi husogea bila ukinzani wowote wa maana. Kifuniko cha namna hiyo hubadilishwa kabla ya kipimo kingine chochote, kwa kuwa vipimo vyote vinavyofuata vinategemea mfumo unaoshika presha.

Dalili na maana zake

Maji kupungua bila kuonekana yanakovuja ndiyo dalili inayotajwa zaidi. Inaweza kutokana na hedi au gasketi yake, yaani bamba jembamba linaloziba kati ya hedi na mwili wa injini, lakini kabla ya kufikia hapo chunguza tundu dogo lililo chini ya pampu ya maji, ambalo huacha alama nyeupe au ya kutu pale sili ya ndani inapochoka. Chunguza viungo vya hosipaipu vinavyovuja injini ikiwa ya moto tu na kukauka kabla ya kufika chini. Na chunguza zulia la upande wa abiria, maana rejeta ndogo ya kupasha joto ndani ya gari ikitoboka, maji huishia hapo. Katika injini za miaka ya karibuni zenye kipoza moshi cha mfumo wa kurudisha moshi kwenye injini, kipoza hicho kikitoboka huingiza maji kwenye njia ya moshi na kutoa dalili zilezile za hedi iliyopasuka, na pengine mwenye gari amekwisha kununua hedi pale tatizo linapogunduliwa.

Moshi mweupe ni dalili inayodanganya sana katika mikoa hii. Asubuhi ya Juni au Julai, Mbeya, Mafinga na Njombe huwa na baridi kali, na gari lolote zima litatoa mvuke mweupe kwenye eksozi kwa dakika kadhaa. Mvuke huo hupotea injini inapopata joto. Moshi wa maji yanayoingia kwenye silinda hauishi hata injini ikiwa moto, hutoka mwingi pale gari linapokanyagwa baada ya kuunguruma kwa muda, na kama mfumo una kulanti (dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta), hubeba harufu tamutamu. Upo pia moshi mweupe wa dizeli ambayo haijaungua, unaowasha macho na kunuka mafuta; huo hutokana na noseli ya kunyunyizia dizeli inayodondosha, hita plagi (plagi ya kupasha silinda joto wakati wa kuwasha) iliyokufa au taimingi ya pampu, yaani wakati wa kunyunyizia mafuta, iliyochelewa, na hauhusiani na maji hata kidogo. Ukishika kipande cha kadibodi safi mbele ya eksozi kwa muda mfupi utapata jibu la awali: maji huacha unyevu unaokauka, dizeli huacha doa la mafuta.

Oili iliyobadilika na kuwa na rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia ni dalili nzito. Hata hivyo, utando mwembamba wa rangi hiyo chini ya kifuniko cha kujazia oili peke yake, hasa kwenye gari linalofanya safari fupifupi za mjini wakati wa baridi au lililong'olewa thamostati (valvu inayoyafungulia maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto), huwa ni unyevu wa hewa uliokosa joto la kuufukuza. Kinachotia wasiwasi ni kijiti chenyewe, pamoja na kiwango cha oili kinachopanda wakati maji yanapungua. Na ikiwa oili ndiyo inayoelea kwenye rejeta, usisahau kipoza oili, ambacho katika injini nyingi za dizeli kimezungukwa na maji na huweza kutoboka huku hedi ikiwa salama.

Geji ya joto nayo isomwe kwa akili. Sindano ikipanda hadi kwenye eneo jekundu kisha ikashuka ghafla wakati gari bado linapanda mlima, madereva wengi hufurahi kwamba injini imepoa, kumbe maji yameshuka chini ya kihisio na sasa kinapima mvuke. Huo ndio wakati wa kusimama mara moja. Injini isizimwe papo hapo kama bado ina maji ya kuzunguka; iachwe iungurume taratibu kwa dakika chache. Kama haina maji, izimwe na iachwe ipoe yenyewe, na asitokee mtu wa kumwagia maji baridi ya kidimbwi kwenye injini inayowaka moto. Hedi nyingi zinazodhaniwa kuwa zilipasuka mlimani zilipasuka kwa ndoo ya maji iliyomiminwa baada ya kusimama.

Dalili zinazoielekea hedi moja kwa moja zaidi ni tatu. Ya kwanza ni hosipaipu ya juu kuwa ngumu kama jiwe dakika moja au mbili baada ya kuwasha injini iliyolala usiku kucha: maji hayajapata joto la kutanuka, kwa hiyo presha hiyo inatoka kwenye silinda. Ya pili ni injini kutetemeka kwa silinda moja kila asubuhi na kutulia baada ya muda, ishara kwamba maji huchuruzika ndani ya silinda hiyo gari likiwa limeegeshwa. Ya tatu ni stata kugonga na kusimama ghafla, kana kwamba betri ni nzima lakini injini imegoma. Hapo huenda silinda imejaa maji, na kulazimisha stata au kuvuta gari ili liwake kutapinda konrodi, mkono unaoshika pistoni, kwa kuwa maji hayabinywi kama hewa. Hita plagi zote zitolewe kwanza, kisha injini izungushwe polepole maji yatoke.

Vipimo kabla ya kushika spana kubwa

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, jaza maji hadi mdomoni, washa na utazame. Mapovu machache mwanzoni ni hewa iliyobaki kwenye mfumo. Mapovu yasiyokoma, yanayoongezeka kadiri unavyokanyaga mafuta, au maji yanayorushwa nje ya mdomo kabla injini haijapata joto, ni gesi ya silinda inayopita kwenye gasketi au kwenye ufa. Kipimo hiki kisifanywe kamwe injini ikiwa ya moto, kwa kuwa maji yaliyo kwenye presha hugeuka mvuke pindi kifuniko kinapolegezwa, na uso wa mtu huwa karibu sana.

Palipo na kifaa cha kupima gesi kwa kimiminika cha bluu, kitumike, maana hutoa jibu la wazi: hewa ya juu ya maji ya rejeta hupitishwa kwenye kimiminika hicho, na rangi ikielekea kijani au njano, gesi ya moshi imo ndani ya maji. Kipimo kingine kizuri ni pampu ya mkono inayofungwa mahali pa kifuniko. Pandisha presha hadi ile iliyoandikwa kwenye kifuniko na usiizidishe. Ikishuka bila kuonekana uvujaji wa nje, acha mfumo ukiwa na presha usiku kucha, toa hita plagi asubuhi na uzungushe injini kwa stata huku umesimama pembeni. Silinda inayorusha maji imejitaja yenyewe.

Kupima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, kunahitaji geji ya dizeli, si ile ya petroli, kwa kuwa injini nzima ya dizeli yenye chemba ya awali (chumba kidogo ndani ya hedi ambamo mafuta huanza kuungua) hufika kilo 30 hivi kwa sentimita ya mraba na zaidi. Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya injini haviligusi, kwa sababu namba zake zimepimwa karibu na usawa wa bahari. Silinda hubana hewa iliyopo, na hewa ya Mbeya ni pungufu kwa ile asilimia 18 iliyotajwa. Injini ambayo ingeonyesha 30 Dar es Salaam itaonyesha kama 25 hapa ikiwa nzima vilevile. Kwa hiyo ulinganifu kati ya silinda na silinda una maana kubwa kuliko namba yenyewe. Tofauti ikizidi kilo 5 hivi, ipo sababu ya kuitafuta. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini zote kwa kiwango kinachokaribiana, uwezekano mkubwa ni gasketi iliyokatika katikati yao. Moja ikiwa chini peke yake, inaweza kuwa valvu, ringi au ufa.

Ili kutofautisha hayo matatu, ingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la hita plagi huku pistoni ikiwa juu na valvu zote mbili zimefungwa, gia ikiwa imeingizwa na tairi zimezuiwa, kisha sikiliza. Hewa ikivuma kwenye njia ya kuingizia hewa, valvu ya hewa haikalii siti yake. Ikivuma kwenye eksozi, ni valvu ya moshi. Ikisikika kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi au pistoni. Na maji ya rejeta yakitoa mapovu, ni gasketi, hedi au bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda. Mpaka hapa hakuna bolti ya hedi iliyolegezwa, na mwenye gari anajua kwa uhakika mkubwa anakwenda kulipia nini.

Kuifungua

Hedi hufunguliwa injini ikiwa baridi. Hedi za alumini, kama ile ya 1KZ na 4D56, zikilegezwa zikiwa na joto hupinda zenyewe, na kazi ya kuchonga uso huongezeka bila sababu. Mwaga maji na oili, tenganisha betri, kisha pistoni ya silinda ya kwanza iletwe juu na alama zote za taimingi zihakikiwe na kupigwa picha kabla mkanda haujatolewa. Mabomba ya noseli yazibwe pande zote mara tu yanapofunguliwa; vumbi la Chunya au la barabara yoyote ya changarawe likiingia kwenye noseli, utakuwa umejiongezea kazi ya pili. Bolti za hedi hulegezwa kuanzia ncha mbili kuelekea katikati, kwa hatua mbili au tatu, kinyume cha mpangilio wa kukaza. Hedi inyanyuliwe na watu wawili na ilazwe juu ya vipande vya mbao, si juu ya uso wake.

Kabla ya kusafisha chochote, tazama gasketi na nyuso mbili za chuma. Gasketi iliyokatika huacha njia nyeusi ya masizi kati ya silinda na tundu la maji au kati ya silinda mbili. Chumba cha silinda iliyokuwa ikiingiza maji huwa kisafi kuliko vingine, pistoni yake ikiwa imeoshwa na mvuke hadi ikang'aa. Ukisafisha kwanza, unafuta ushahidi huo wote.

Kisha hedi isafishwe na kupimwa unyoofu kwa rula ya chuma na fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya), kwa urefu, kwa upana na kwa mikingamo miwili. Ukomo hutofautiana kwa kila injini na ufuatwe ule wa kitabu chake. Nyingi huanguka kati ya milimita 0.05 na 0.20. Ufa hutafutwa kwanza kati ya siti ya valvu ya hewa na ya moshi, kuzunguka chemba ya awali, na kwenye tundu la hita plagi. Pasipo na dawa maalumu ya rangi, njia ya zamani bado inasaidia: paka mafuta ya taa, subiri yaingie, futa uso ukauke kabisa, kisha paka unga wa chaki. Baada ya muda mstari mwembamba wa unyevu hujichora juu ya chaki pale ufa ulipo. Njia hiyo huonyesha ufa wa juu tu. Ule wa ndani ya njia za maji unahitaji karakana yenye bamba za kuziba matundu, ambapo hedi huzamishwa kwenye maji ya moto na kusukumiwa hewa, kwa sababu nyufa nyingi hufunguka kwa joto na kujificha zinapopoa. Hedi isiyopitia kipimo hicho haipaswi kurudishwa kwenye injini, hata ikionekana nzima.

Bloku nayo ipimwe kwa rula ileile. Wengi huiruka hatua hii kwa kuwa hedi ndiyo inayolalamikiwa, na gasketi mpya ikikalia bloku iliyoshuka kati ya silinda mbili, itakatika mahali palepale.

Kuchonga, kuchomelea au kununua

Hedi iliyopinda kidogo huchongwa uso wake, lakini kwa dizeli nafasi ni finyu. Kila kiasi kinachoondolewa huzisogeza valvu karibu na pistoni na kupandisha kompresheni, na hedi zenye chemba za awali zilizopandikizwa huhitaji chemba hizo na kina cha valvu virekebishwe pia. Baadhi ya watengenezaji hawaruhusu kuchonga kabisa. Mchongaji aulizwe atatoa kiasi gani, na unene wa hedi upimwe kabla na baada.

Kuchomelea ufa ni jambo ninalolipendekeza mara chache sana. Alumini iliyochomelewa hulegea ugumu wake karibu na mchomeleo na hedi nzima huweza kupinda, kiasi cha kuhitaji njia ya kamshafti, mhimili unaofungua valvu, inyooshwe. Chuma cha kalibu kinahitaji kupashwa joto taratibu na kupozwa taratibu zaidi, na si kila karakana ina subira hiyo. Fedha hizo mara nyingi zinatosha kuanzia malipo ya hedi nyingine.

Hedi nyingine hupatikana kwa njia mbili: mpya isiyo ya kampuni iliyounda gari, au mtumba kutoka gari lililovunjwa. Wauzaji wengi wa Mbeya huagiza Dar es Salaam na mzigo hufika kwa basi, kwa hiyo makosa ya kuagiza hugharimu siku. Peleka namba iliyo kwenye hedi na kwenye bloku, si jina la gari peke yake, kwani Hilux mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kuwa na 2L za vizazi viwili, moja ikifungua valvu kwa roka na nyingine kwa kamshafti kusukuma tapeti moja kwa moja, na hedi zake haziingiliani. Uliza pia kama bei ni ya hedi tupu au yenye valvu, springi na kamshafti. Mtumba ukaguliwe kama ulivyokagua hedi yako mwenyewe, na muuzaji akikataa ipelekwe kupimwa kwa presha kabla ya kulipia, ni heri kuiacha dukani kwake. Mara nyingi gari lililovunjwa lilivunjwa kwa sababu liliungua.

Kuifunga

Uso wa bloku husafishwa kwa kisu cha plastiki au cha shaba na kitambaa chenye kiyeyusho. Mashine za diski za msasa, ambazo hutumika kwa kasi ya kupendeza katika gereji nyingi, huchimba mashimo yasiyoonekana kwa macho na kumwaga chembe za msasa kwenye njia za oili, na chembe hizo huishia kwenye beringi za krenkishafti, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Matundu ya bolti yapulizwe hadi yakauke. Tundu lenye oili au maji chini yake hudanganya spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, na katika hali mbaya presha ya kimiminika hicho hupasua bloku bolti inapokazwa.

Unene wa gasketi haukisiwi. Pistoni za dizeli hujitokeza kidogo juu ya bloku, na gasketi huuzwa katika unene tofauti unaotambulishwa kwa herufi au vipengo vya pembeni. Pima kila pistoni kwa geji ya saa, au angalau linganisha alama na gasketi iliyotoka kama una hakika ilikuwa ya asili na hedi haijachongwa. Gasketi hufungwa kavu, bila gundi ya silikoni, upande wenye maandishi ukielekea inakoonyesha. Bolti ambazo kitabu kinataka zikazwe kwa nyuzi za mzunguko hutanuka kila zinapotumika. Pima urefu wake au nunua mpya, kwani bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na kurudia kazi.

Kukaza huanzia katikati kwenda nje, kwa hatua, meno ya bolti yakiwa yamepakwa oili kidogo. Katika injini nyingi hatua ya kwanza hufanywa kwa spana ya toki, kisha bolti huzungushwa nyuzi 90 (robo mzunguko), kisha nyuzi 90 nyingine. Kila bolti ipigwe alama ya rangi upande mmoja ili mzunguko wake uonekane kwa macho. Anayesema mkono wake unajua toki anahatarisha fedha za mtu mwingine.

Mkanda wa taimingi na rola yake vibadilishwe wakati huohuo. Baada ya kuupanga kwenye alama, zungusha krenkishafti kwa mkono mizunguko miwili kamili, na mkono ukihisi kugota, simama na urudie kupanga, stata isingekuonya. Nafasi za valvu zirekebishwe, filta na oili ziwe mpya, hasa kama oili ya zamani ilikuwa na maji.

Kuwasha na safari ya kwanza

Sasa rudi kwenye chanzo. Rejeta ipitishwe maji kwa kasi na kuangaliwa kama yanatoka yote; iliyoziba nusu kwa chokaa na kutu isafishwe au ibadilishwe. Klachi ya feni isizunguke ovyo injini ikiwa ya moto. Thamostati irudishwe. Kuing'oa ni desturi iliyozoeleka, lakini katika injini nyingi za Toyota thamostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato ya maji, na ikikosekana sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, kwa hiyo mlimani joto huongezeka badala ya kupungua.

Jaza mchanganyiko wa kulanti na maji safi nusu kwa nusu. Maji ya mvua yaliyokingwa safi, ambayo Tukuyu hayakosekani, ni bora kuliko ya kisima yenye chokaa, na kulanti huzuia kutu ndani ya alumini pamoja na kuganda katika usiku wa umande mgandamo wa Makete na Njombe. Pua ya gari iinuliwe, kipasha joto cha ndani kifunguliwe, na injini iungurume kifuniko kikiwa wazi hadi mapovu yaishe na thamostati ifunguke, jambo ambalo utalihisi hosipaipu inayopita thamostati inapopata joto ghafla.

Safari ya majaribio ianze bila mzigo kwenye tambarare, mfano kuelekea Mbalizi, kisha gari lilale na maji yaangaliwe asubuhi kabla ya kuwasha. Kupungua kidogo mara ya kwanza ni hewa iliyotoka. Baada ya hapo jaribu mlima mmoja bila mzigo, na mwingine ukiwa na nusu ya mzigo, ukitazama geji na kugusa hosipaipu ya juu asubuhi inayofuata: ikiwa laini injini ikiwa baridi, mfumo haupokei gesi. Gasketi za aina ya zamani huhitaji bolti kurudiwa kukazwa baada ya kilomita 1,000 hivi; zile za kukazwa kwa nyuzi za mzunguko hazirudiwi. Oili ibadilishwe tena mapema ikiwa ile ya kwanza ilichafuka kwa maji. Na kama maji yanaendelea kupungua ndani ya wiki ya kwanza ingawa hedi ilipimwa kwa presha, usinunue gasketi nyingine. Rudisha pampu ya mkono kwenye rejeta, acha presha usiku kucha, toa hita plagi, na safari hii uchunguzi uelekezwe kwenye kuta za silinda za bloku.